Daraja Lisilo na Ng'ambo

Kitanda kiwe na upana usiopungua inchi 30. Kati ya kitanda na kitanda ziachwe futi 3. Anayelala apewe godoro, mto na foronya yake, shuka mbili safi, blanketi, taulo, sabuni, na kabati la kufunga kwa kufuli. Choo kimoja kwa kila watu sita, bafu moja kwa kila watu kumi. Mtu angedhani anasoma mwongozo wa shule ya bweni. Kumbe ni masharti ya hukumu ya makubaliano iliyotiwa saini jijini New York mwezi Agosti 1981, hukumu iliyompa kila mwanamume asiye na pa kulala haki ya kudai kitanda kwa jiji usiku huohuo. Upande wa pili wa Marekani, Los Angeles haijawahi kuwa na hukumu ya namna hiyo. Huko, kati ya kila watu kumi wasio na makazi, zaidi ya sita hulala nje: kwenye mahema, ndani ya magari, chini ya barabara za juu. Miji hiyo miwili hutajwa kama kinyume cha mwenzake, na kwa anayepita barabarani usiku wa baridi tofauti hiyo ni kubwa kweli. Lakini ukiifuata historia yao hatua kwa hatua unaona imepita njia moja. Kwanza viliondoka vyumba vya bei nafuu. Kisha vikaja vitanda vya dharura kuziba pengo. Mwisho dharura ikazoeleka, ikapewa idara yake na bajeti yake, na vile vyumba havikurudi.

Sakafu ya kituo cha polisi, 1870–1909

Katika karne ya 19, mtu aliyekosa pa kulala New York alikwenda polisi. Vituo vilikuwa na vyumba vya chini ambamo wanaume, na wanawake kwa upande wao, walilala juu ya mbao au sakafuni, bila godoro wala swali. Mwaka 1870 mhamiaji kijana kutoka Denmark, Jacob Riis, alilala katika kituo kimojawapo. Usiku akaibiwa kidani chake, na alipolalamika alitupwa nje, na mbwa aliyekuwa amemfuata akauawa na polisi mbele yake. Riis baadaye akawa mwandishi wa habari na mpiga picha mashuhuri; kitabu chake cha 1890 kuhusu maisha ya mafukara wa jiji hilo bado kinasomwa. Hakuusahau usiku ule. Alimpitisha Theodore Roosevelt, wakati huo mkuu wa bodi ya polisi, katika vyumba vile, na mwaka 1896 Roosevelt akavifunga vyote.

Hapo ndipo mtindo ulipoanza. Kilichofungwa kilistahili kufungwa, lakini kilichokuja badala yake kilikuja polepole na kwa kipimo kidogo. Ilipofika 1909 jiji lilikuwa na jengo kubwa la malazi ya manispaa katika mtaa wa 25 Mashariki, ambako mgeni aliogeshwa na nguo zake kufukizwa dawa ya kuua chawa. Lilikuwa jengo safi, na lilijengwa kwa imani kwamba anayelihitaji ni mpita njia: mtu wa usiku mmoja au miwili, ambaye kesho atapata kazi na chumba. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Wakati ule vyumba vilikuwepo.

Vyumba vilivyopotea, 1955–1979

Mtaa wa Bowery jijini New York, na mingine kama huo katika kila mji mkubwa wa Marekani, ulikuwa umejaa hoteli za watu maskini. Za chini kabisa zilikuwa kumbi zilizogawanywa kwa kuta za mbao zisizofika darini, juu zikafunikwa wavu wa kuku ili jirani asiparamie na kuiba. Zilizo bora kidogo zilikuwa na chumba kamili, kitanda, beseni na taa, na choo cha pamoja mwisho wa ukumbi. Kodi ililipwa kwa usiku au kwa wiki, bila dhamana wala mkataba wa mwaka. Humo waliishi vibarua wa bandarini, mabaharia waliozeeka, wajane, walevi, na watu wenye ugonjwa wa akili ambao ndugu walishawachoka. Wapangaji wa mji waliziona hoteli hizo kama uchafu. Mwaka 1955 New York ikapiga marufuku kujenga mpya za aina hiyo, na katika miaka ya 1970 ikawapa nafuu ya kodi wenye majengo waliozigeuza kuwa fleti za watu wenye kipato. Katika miongo iliyofuata marufuku ile jiji lilipoteza zaidi ya vyumba 100,000 vya namna hiyo. Ni vigumu kupata katika historia hii yote takwimu yenye uzito kuliko hiyo, na ajabu ni kwamba ilihesabiwa kama maendeleo.

Wakati huohuo milango ya hospitali za akili ilikuwa ikifunguliwa. Mwaka 1955 hospitali za majimbo Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Dawa mpya zilikuwa zimepatikana, kashfa za mateso zilikuwa zimefichuliwa, na sheria aliyoisaini Rais Kennedy mwaka 1963 iliahidi vituo vya tiba karibu na nyumbani. Wagonjwa walitoka, vituo vingi havikujengwa. Kwa miaka kadhaa waliotoka walijihifadhi katika hoteli zilezile za chumba kimoja, na kwa hiyo jambo halikuonekana. Hoteli zilipogeuzwa fleti, ndipo watu walipoonekana barabarani, na ndipo wengi walipohitimisha kwamba chanzo ni wazimu. Mfuatano wa matukio unasema vingine: mgonjwa mwenye chumba alikuwa mgonjwa tu, na alianza kuitwa mtu wa mitaani siku chumba kilipoondoka.

Kesi ya Callahan, 1979–1981

Katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, mwaka 1938, wananchi wa jimbo la New York walikuwa wameingiza katika katiba yao kifungu kinachosema kwamba kuwasaidia na kuwatunza wahitaji ni jukumu la umma. Kifungu hicho kilikaa miaka 41 kama nia njema iliyoandikwa. Mwaka 1979 mwanasheria kijana, Robert Hayes, alikichukua akakipeleka mahakamani kwa niaba ya wanaume wa Bowery. Mdai wa kwanza, Robert Callahan, alikuwa mpishi wa zamani aliyeangukia mtaani. Mwezi Desemba mwaka huo Jaji Andrew Tyler aliamuru jiji na jimbo watoe malazi, kwa kuwa majira ya baridi yalikuwa yameshafika na watu wangeweza kufa. Mabishano ya vipimo yaliendelea hadi Agosti 1981, pande zote zilipokubaliana kuhusu inchi, shuka na vyoo. Callahan hakuwepo kusikia. Alikuwa amefia mtaani mwaka uliotangulia.

Ushindi huo usidharauliwe. Haki hiyo baadaye ikawafikia wanawake na familia zenye watoto kwa kesi nyingine, na ndiyo sababu katika New York leo, pamoja na ukubwa wake, ni sehemu ndogo tu ya wasio na makazi wanaolala nje. Lakini tazama kilichoweza kudaiwa mahakamani. Hayes hakudai vyumba 100,000 virudishwe. Hakuna jaji angempa. Alidai kile ambacho sheria ingeweza kukilazimisha kabla ya barafu kuanguka, yaani kitanda. Jiji likafungwa na wajibu wa kitanda kwa nguvu ya mahakama, huku nyumba ikibaki suala la hiari ya wanasiasa. Wajibu na hiari vikigombea fedha zilezile, wajibu hushinda. Nadhani hapo ndipo kona ya historia hii ilipo, na ilipindwa na watu wema kwa sababu njema.

Ukumbi wa gwaride na hoteli, 1981–1990

Meya Ed Koch alihitaji vitanda kwa maelfu na kwa haraka, akavipata katika majengo ya jeshi la akiba. Lililojulikana zaidi ni la Fort Washington, kaskazini mwa Manhattan. Ukumbi wake wa gwaride, mpana kama uwanja wa mpira wenye paa, ulipangwa vitanda karibu 1,000, safu kwa safu, taa zikiwaka juu na walinzi wakipita katikati. Kila kitanda kilikuwa na inchi zake. Waliokwepa ukumbi huo na kulala katika treni za chini ya ardhi hawakuwa na kichaa. Walihofia kuibiwa viatu, kupigwa, na kuambukizwa kifua kikuu. Kila mara jiji linaposema kwamba watu hukataa msaada, inafaa kuuliza ni msaada gani waliopewa.

Familia zilipelekwa hotelini. Hoteli ya Martinique, hatua chache kutoka maduka makubwa ya Herald Square, ilijazwa mamia ya akina mama na watoto wakipikia kwenye majiko madogo ya umeme vyumbani, kinyume na kanuni, kwa kuwa jiko halikuwepo. Hapa mashine ya dharura inaonekana ilivyo. Familia ya watu wanne iliyotegemea ruzuku ilipewa kodi ya karibu dola 270 kwa mwezi, kiasi ambacho hakikupanga fleti yoyote ya maana. Ikifukuzwa na kuingia hotelini, chumba kimoja kililipiwa mara kadhaa ya fedha hizo. Serikali kuu ilichangia bili ya hoteli kwa sababu ilikuwa na fungu la dharura, na fungu hilo halikuruhusiwa kujenga wala kupanga nyumba ya kudumu. Mtu hahitaji kumtafuta mwizi hapa. Kila ofisi ilitii kanuni yake, na jumla ya utii huo ikawa kulipa zaidi ili kupata kidogo.

Jijini Washington mwanaharakati Mitch Snyder alifunga kula siku 51 mwaka 1984 hadi utawala wa Reagan ukakubali kukarabati jengo la serikali lililotumika kama malazi, na mwezi Julai 1987 Reagan akasaini sheria ya kwanza ya kitaifa ya kusaidia wasio na makazi. Nayo kwa sehemu kubwa ilikuwa sheria ya dharura. Koch, tumtendee haki, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1986 alitangaza mpango wa miaka kumi wa kukarabati majengo yaliyotelekezwa, sehemu ya fleti zikitengwa kwa waliotoka katika malazi. Idadi ya familia hotelini ilishuka. Ushahidi kwamba njia ipo ulipatikana mapema hivyo.

Ufunguo kwanza, 1992–2016

Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza New York mradi uliogeuza utaratibu juu chini. Kawaida ilikuwa ngazi: bwenini kwanza, kisha uache pombe, umeze dawa, uonyeshe nidhamu, halafu labda upate fleti. Wengi waliteleza katikati. Tsemberis alitoa fleti kwanza, kwa watu wenye ugonjwa mkali wa akili waliotoka moja kwa moja barabarani, na huduma zikawafuata humo. Wengi mno, takriban wanane kati ya kumi, walibaki katika nyumba zao. Houston iliuchukua mfumo huo, ikayaunganisha mashirika yake yote kwenye orodha moja, na ndani ya miaka kumi na kitu idadi ya wasio na makazi ikapungua kwa zaidi ya nusu. Ni kweli kwamba kodi ya Houston ni ya chini na kujenga huko ni rahisi. Kwa hoja ninayoijenga hapa, hilo si kasoro. Ndiyo hoja yenyewe.

Kuna pingamizi linalorudi kila kizazi, kwamba tatizo ni ulevi, dawa za kulevya na maradhi ya akili. Kama ndivyo, West Virginia, ambayo kwa miaka mingi imeongoza Marekani kwa vifo vya kuzidisha dawa za kulevya, ingekuwa na kambi za mahema kuishinda California. Haina, kwa sababu chumba huko hupatikana kwa bei ambayo hata mtu aliyeharibikiwa anaweza kuimudu, au ndugu yake anaweza kumlipia. Uraibu na ugonjwa huamua nani ataanguka kwanza vyumba vikipungua. Idadi ya vyumba huamuliwa kwingine.

Helsinki ilikwenda hatua ambayo miji ya Marekani iliogopa: iliyabadilisha malazi yenyewe. Nyumba ya Jeshi la Wokovu ya Alppikatu, iliyokuwa na vitanda 250 vya dharura, ilifunguliwa upya mwaka 2012 ikiwa na fleti 80 zenye mkataba wa upangaji. Mji mzima ulikuwa na vitanda vya malazi na hosteli 558 mwaka 2008; kufikia 2016 vilibaki 52. Hesabu ya 250 kwa 80 inatisha kwa haraka, na ndipo mameya wengine huishia. Waliopata zile 80 hawakulazimika kurudi kwenye foleni, ilhali kitanda cha dharura hurudisha mtu wake kwenye foleni kila jioni.

Daraja la Los Angeles, 2006–2020

Los Angeles ilikuwa na Skid Row, mtaa ulioamuliwa mwaka 1976 kuwa mahali pa kuwakusanya mafukara na huduma zao, mbali na macho ya maofisi. Kambi zilipovuka mipaka yake, mji ulijaribu kukamata watu. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema huwezi kumwadhibu mtu kwa kulala nje ilhali hakuna kitanda cha kumpa, na mwaka uliofuata mji ukakubali kuwaacha watu walale usiku hadi zijengwe nyumba 1,250 zenye huduma. Mwaka 2016 wapiga kura, zaidi ya robo tatu yao, waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.2 kwa lengo la nyumba 10,000. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa ulioingia katika utekelezaji wa kobe: vibali, majirani wenye kesi, vyanzo vitano au sita vya fedha kwa jengo moja. Mwaka 2022 mkaguzi wa mji alikuta wastani wa gharama ya nyumba moja inayojengwa unakaribia dola 600,000.

Katika kusubiri huko ndipo lilipozaliwa neno daraja. Aprili 2018 Meya Eric Garcetti alitangaza makazi ya muda katika kila moja ya maeneo 15 ya uwakilishi ya mji, ili watu wavuke kutoka hemani hadi nyumba zinazojengwa. La kwanza lilifunguliwa Septemba mwaka huo karibu na Olvera Street: vitanda 45 ndani ya matrela kwenye eneo la kuegesha magari, na likaitwa kwa Kihispania El Puente, yaani daraja. Yalikuwa bora kuliko kumbi za gwaride. Mtu aliweza kuingia na mbwa wake, mwenza wake na mizigo yake, mambo matatu yaliyowafanya wengi wakatae malazi ya zamani. Koreatown waliandamana hadi eneo lililopendekezwa likabadilishwa, na Venice mikutano ya hadhara ilijaa kelele. Baadaye vikaja vijumba vya North Hollywood, kila kimoja futi 64 za mraba, kwa watu wawili. Kimsingi ni kitanda chenye mlango.

Daraja lilikuja na sharti ambalo halikusemwa kwa sauti kubwa. Kuzunguka kila kituo, mji uliweka eneo la usafi na udhibiti wa pekee, ambamo mahema yaliondolewa mara kwa mara. Septemba 2018, mwezi uleule wa El Puente, mahakama ya rufaa ilirudia katika kesi ya mji wa Boise kwamba bila kitanda hakuna adhabu. Kwa hiyo kitanda kikapata kazi ya pili: mbali na kumhifadhi mtu, kikawa hati ya kumwondolea mwingine hema lake. Wakazi waliokubali kituo mtaani mwao mara nyingi walikubali kwa ajili ya kazi hiyo ya pili. Sioni haja ya kuwalaumu. Hakuna anayetaka mwanawe apite juu ya sindano akienda shule. Lakini mji ulioanza kuvihesabu vitanda kwa kazi hiyo uliacha kuuliza wangapi wamevuka.

Miaka ya majaribio, 2020–2024

Ugonjwa wa korona uliifanya California ikodi vyumba vya hoteli tupu, na kwa muda watu wa mahemani walilala kwenye vyumba vyenye mlango, bafu na ufunguo. Vilipatikana ndani ya wiki chache tu, jambo lililoonyesha kwamba ucheleweshaji si sheria ya maumbile. New York ilijaribiwa kwa namna nyingine. Ilikuwa kwa wimbi la wahamiaji, na dalili yake ya mapema ilikuwa Portland, mji mdogo wa Maine, mwaka 2019, ulipogeuza uwanja wake wa mpira wa kikapu kuwa malazi ya watu zaidi ya 400, wengi wao familia za Kongo na Angola waliopitia Amerika ya Kusini kwa miguu na mabasi hadi mpaka wa Texas. Kuanzia 2022 New York yenyewe ilipokea zaidi ya wahamiaji 200,000, ikawalaza kwenye mahema makubwa na hoteli, kisha ikaanza kuwapa watu wazima siku 30 na kuwaambia waombe upya. Wapo waliosema haki ya kitanda ndiyo iliyowaita. Huenda iliwavuta baadhi, lakini Chicago na Denver, zisizo na hukumu kama ile, nazo zilifurika. Haki iliyoanzia 1981 ilizuia watoto wasilale barabarani Januari. Kilichoielemea ni kwamba wenyeji waliokuwa wameingia miaka mingi kabla walikuwa bado wamo.

Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass kwamba kumwadhibu anayelala nje si kinyume cha katiba, kitanda kiwepo au kisiwepo. Kwa uamuzi huo, hoja ya kisheria iliyoilazimisha miji ya magharibi kujenga angalau vitanda ikakatika. Wanaotetea vitanda vya dharura wana neno zito hapa: katika kaunti ya Los Angeles hufa zaidi ya watu 2,000 wasio na makazi kila mwaka, na aliyekufa leo hatofaidika na fleti ya mwaka 2030. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sisemi malazi yafungwe. Nasema yahesabiwe kwa waliotoka na ufunguo, na kila fungu la kitanda liandamane na fungu la chumba. Hesabu ya kitaifa ya Januari 2024 ilikuta watu 771,480 wasio na makazi, ongezeko la asilimia 18 ndani ya mwaka mmoja, katika nchi iliyokuwa na vitanda vingi kuliko wakati wowote wa Koch.

Kituo cha Venice kilijengwa kwenye karakana ya zamani ya mabasi, umbali mfupi kutoka baharini. Kilikuwa na vitanda 154, kilifunguliwa Februari 2020, na ahadi kwa majirani ilikuwa miaka mitatu, kisha ardhi irudi kwa mamlaka ya usafiri ijengwe nyumba. Muda uliongezwa. Mwishoni mwa Desemba 2024 waliobaki walihamishwa, baadhi kwenda malazi mengine ya muda, na geti likafungwa. Nyumba zilizokusudiwa kwenye kiwanja hicho zilikuwa bado kwenye michoro.